Kisu Ambacho Sikukiokota

Mwanangu Issa,

Umetoka saa saba kwenda Kanyosha kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua shangazi yako, hatakuachia kabla hujala mara mbili. Kutoka huku kwetu Carama hadi kule ni kuukata mji mzima, kwenda na kurudi, kwa hiyo nina mchana wangu peke yangu. Nimefunga mlango. Mtu mmoja amebisha hodi akitaka magunia, nikamjibu kwa ndani kwamba Mama Issa hayupo. Akacheka, akaenda zake. Mungu anisamehe, lakini leo sishoni.

Kesho alfajiri unapanda gari la Kigoma, na kutoka hapo unaendelea hadi Mwanza kujifunza injini za boti, miaka miwili Mungu akijalia. Mambo ya kufua, kula na kulala nimekwisha kukuimbia tangu Ramadhani, hadi siku hizi unanimalizia sentensi kabla sijafunga mdomo. Hayo basi. Nakuandikia habari ya kisu.

Unajua kisu gani. Siku ya pili ya Idi uliingia nikiwa nimekaa na shazia yangu, ile sindano kubwa ya magunia, gunia miguuni, ukaweka kitu juu ya stuli iliyo karibu na dirisha. Hukunipa mkononi. Ulifanya kama nilivyokulea, kwamba kwetu kisu hakipewi mtu mkononi. Unakiweka mahali, mwenzako anakiokota mwenyewe, na akishakiokota ndipo kinakuwa chake. Wazee wetu wa Buyenzi walisema kisu kikipita mkono kwa mkono hukata undugu.

"Mama, nimekuwekea kitu."

"Kitu gani?"

"Kanif. Ya magunia yako. Uache ile kipande ya musumeno, itakukata siku moja."

Nami nikasema, "Haya, iache tu hapo," nikaendelea kushona.

Ulisimama kidogo. Nilikuona kwa pembe ya jicho. Kisha ukatoka nje ukajifanya unaangalia baiskeli, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Jioni kisu kilikuwa palepale. Kesho yake palepale. Wiki ya nne sasa, na kila asubuhi nafuta vumbi kwenye ile stuli nikikizunguka kana kwamba kimeota pale. Hukuniuliza hata mara moja, kwa sababu wewe si mtu wa kuuliza. Lakini Alhamisi, ulipokuwa bombani na rafiki yako, hukujua kwamba nimesimama nyuma ya ukuta naanika. Nilisikia ukimwambia, "Mama hakuipenda. Ni kisu ya bei ndogo."

Issa, sitaki uvuke mpaka na maneno hayo moyoni. Kama kuna kitu kimoja tu cha kukitoa kwenye mzigo wako kabla hujaondoka, ni hicho. Ningeweza kukwambia kwa mdomo, lakini tunajuana. Nitaanza, wewe utasema "Mama, iko sawa," nami nitashukuru kwamba umenikatiza, tutakula, tutalala.

Nianze na jana. Jana nilikwenda soko la Kinama kununua shazia, kwa yule mama anayeuza vyuma, misumari, kufuli na visu. Kuniona tu akapiga makofi.

"Mama Issa, mutoto yako ni mutu gani? Alikuja hapa na kipande ya gunia mu mufuko, akafungua visu yangu yote, moja moja. Nikamwambia, sha, unanunua ao unafanya examen?"

"Akachagua ipi?"

"Ile ya chini kwa bei! Nilimuonyesha ya inox, haishiki kutu, inang'aa, iko na mukasi, iko na kijiko. Akasema apana mama, hii haiingii mu mushono."

Nikarudi nyumbani bila hata hiyo shazia.

Kumbe ulikata kipande cha mdomo wa gunia, chenye mshono wake wa kiwandani, ukakitia mfukoni, ukaenda nacho sokoni kujaribu visu. Nani alikufundisha hivyo? Si mimi. Labda ulikuwa unaniangalia mikono miaka yote hii wakati mimi nilidhani unaangalia simu. Ulijua kwamba gunia la mashine lina mshono wa mnyororo, kwamba ukikata fundo moja tu, upande wake wa kweli, ukavuta, uzi wote unaachia kwa pumzi moja na gunia linabaki zima. Ulijua kwamba kisu kinene hakipiti chini ya fundo lile. Utalazimisha, nacho kitachana gunia. Wewe ulikwenda kuuliza mshono kabla ya kuuliza macho yako. Mimi katika umri wako sikufanya hivyo, na ndiyo sababu kisu chako kimekaa wiki nne kwenye stuli.

Babu yako, baba yangu, humkumbuki vizuri. Ulikuwa unatambaa alipofariki. Alifanya kazi bandarini, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya fundo moja. Shehena ikishuka kutoka kwenye meli za Kigoma au za ng'ambo ya Kongo, maharage, mchele, sukari, watu wa forodha na wenye mali wanataka kuona kilichomo. Basi anaitwa yeye. Anainama, anakata fundo, anavuta, gunia linafunguka mdomo. Wanachota wanachotaka, naye analishona tena hivi kwamba mnunuzi hajui kama liliwahi kufunguliwa. Walimwita Fundo Moja. Ilikuwa kazi ya mtu mzima mwenye mkono mwepesi, tena alikuwa anaifanya amekaa, kivulini. Wenzake wa rika lake walikuwa bado wanabeba.

Kisu chake kilikuwa cha kukunja, mpini wa mti, chuma cheusi kinachoshika kutu ukikisahau siku mbili. Kisu cha mtu yeyote, kilichouzwa kila soko. Kila asubuhi baada ya sala alikinoa kwenye saruji ya kizingiti chetu, kwa mate kidogo, na kwa kunolewa hivyo miaka na miaka kilikuwa kimekonda kama jani la mchaichai. Siku moja nilimsikia akimwambia mama yangu, "Kisu inaisha hii. Nitatafuta ingine ya hivihivi."

Nilisikia nusu ya kwanza tu. Kisu inaisha. Ile ya "hivihivi" ilinipita.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimepata kazi mjini kwenye duka la vitambaa la familia moja ya Waarabu wa zamani, napima na kukata. Nilikuwa navaa viatu vya kisigino, nikitoka Buyenzi kwa miguu navipitisha kwenye madimbwi kama mbuzi anayevuka mto. Mshahara wa kwanza ukaja. Nikasema, namnunulia Baba kisu. Tulikuwa wasichana watatu dukani, na wenzangu wakanisindikiza. Nilikiona cha mpini wa mti, kama chake, kimelala kwenye sanduku pamoja na vingine ishirini vinavyofanana. Nilikishika hata. Kisha mmoja wao akasema, "Mushahara ya kwanza, na unamununulia muzee hii?" Nikakirudisha. Nikachukua cha chuma kisichoshika kutu, kinachong'aa hadi unajiona, chenye vyuma tisa ndani yake: mkasi, msumeno mdogo, kijiko, kifungulio cha chupa, na vingine ambavyo hadi leo sijui vinafungua nini. Sikukijaribu kwenye kitu chochote. Nilikichagua kwa macho ya wale wasichana wawili.

Jioni nikamwita Baba mbele ya majirani. Nikakitoa kwenye karatasi nikamtia mkononi moja kwa moja. Mama akashtuka.

"Weka chini, Mwaju! Weka chini kwanza!"

Nikacheka. "Mama, hiyo ni mambo ya zamani."

Baba alikiangalia kile kitu kiganjani mwake. Nadhani alikuwa anasubiri nikichukue tena, nikiweke chini, aokote. Mimi nilikuwa najichekesha na majirani. Basi akafunga vidole.

"Aksanti, mwanangu. Iko muzuri sana."

Kikazunguka baraza nzima. Jirani mmoja akakoroga chai na kile kijiko, watu wakapiga vigelegele. Mwanangu, ile ndiyo ilikuwa furaha yangu, na sitasema uongo kwamba haikuwa tamu.

Baada ya wiki nikaamka mapema, nikamkuta kizingitini. Anakinoa kile cha zamani. Kile changu kiko ndani, kimefungwa kwenye kitambaa. Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya vyombo.

"Baba, unanidharau?"

"Apana, Mwaju. Ile ni ya heshima. Hii ni ya kazi."

Ungekuwa wewe ungeelewa. Mimi nilinuna. Unanijua ninavyonuna, lakini wewe umepata mabaki tu. Ujanani nilikuwa bingwa. Siku nne nampelekea chai, naiweka, naondoka bila neno. Siku ya nne jioni akaniita, mzee wa watu, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha.

"Mwaju, kisu yako nitaitumia kuanzia kesho. Usikasirike tena."

Nikafurahi. Nikampikia. Sikuuliza kile cha zamani amekipeleka wapi.

Baada ya mwezi, labda miwili, akaanza kurudi nyumbani amechoka kwa namna nyingine. Anakaa anaegemea ukuta. Nyumba ikaanza kunuka dawa ya kuchua. Nikamuuliza, akasema ameomba mwenyewe kubadilishiwa kazi; kazi ya kukaa inamlegeza, bora abebe, mwili upate joto. Mtu wa miaka hamsini na kitu, na magunia ya kilo hamsini mgongoni, na mimi nikaamini. Au nilitaka kuamini, sijui. Nimelifikiria sana na sijapata jibu la kuninyamazisha. Miaka miwili alibeba. Kisha mgongo ukakataa, akakaa nyumbani kwenye mkeka hadi alipofariki. Na kila Idi, mgeni akija, nilikuwa namwambia kwa madaha, "Baba, muonyeshe kisu yangu." Anakitoa. Kinang'aa. Anasema iko muzuri sana.

Siku ya tatu ya matanga, watu wamepungua, akaja mzee mmoja aliyekuwa mwenzake bandarini, Mzee Hamadi. Akaomba kuniona. Akakaa, akaingiza mkono mfukoni, akaweka juu ya mkeka mbele yangu kile kisu cha mpini wa mti, kimekondeana, kimepakwa mafuta vizuri.

"Hii ni ya baba yako. Alinipatia niitunze. Alisema, siku Mwaju atasahau ile yake, nimurudishie."

Nikamuuliza mbona hakukirudisha.

"Hakuna siku ulisahau, mama. Kila Idi ulimuuliza."

Kisha akaniambia yote, kwa upole, akidhani nayajua. Kwamba kisu changu kilikuwa kinene, hakiingii chini ya fundo. Kwamba baba yangu alikuwa analazimisha, na magunia yanachanika, sukari inamwagika, wenye mali wanapiga kelele. Kwamba alijaribu kukisugua kwenye jiwe kikonde, na chuma kile hakikukubali. Kwamba Hamadi alimwambia mara ngapi, chukua kisu yako hii, nani atajua? Naye akasema, "Nimemuambia mutoto nitatumia yake. Mi siwezi kumudanganya." Hadi msimamizi wa kundi lao akamwondoa pale, akampa mwingine kazi, na yeye akarudi kubeba kama kijana.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema: amenunua na mushahara yake ya kwanza. Nitamuambia namna gani?"

Mzee Hamadi alisubiri niokote kile kisu. Nilikiangalia tu. Mikono ilikuwa mapajani, na nilikuwa naiona kama mikono ya mtu mwingine. Alisubiri sana, mzee yule. Mwisho akakichukua, akakirudisha mfukoni, akasema Mungu atupe subira, akaondoka. Naye hayupo sasa. Kisu sijui kiko wapi.

Ndiyo maana hukuwahi kuona kisu cha kukunja ndani ya nyumba hii. Tangu baba yako alipotutangulia na mimi nikaanza kununua magunia yaliyochakaa, kuyafumua, kuyashona na kuwauzia wakulima wa mpunga, nimekata kwa kipande cha msumeno nilichokizungushia mpira wa baiskeli. Kimenikata mara saba, najua, usinihesabie. Na siku ulipoweka kisu kile kwenye stuli, mpini wa mti, chuma cheusi, sikukiona kisu chako. Nilirudi kwenye ule mkeka. Ukawa umesimama pale na moyo wako wote mkononi, na mama yako yuko Buyenzi, miaka ishirini nyuma, anamwangalia Mzee Hamadi. Wewe ulifanya sawasawa kila kitu. Mimi ndiye niliyekosea tena, na safari hii sikukosea kwa kutoa, nilikosea kwa kupokea.

Sasa usielewe vibaya. Sikwambii kwamba kitu cha bei ndogo ni bora kuliko cha ghali. Upuuzi. Nimenunua masufuria ya bei ndogo yaliyotoboka kabla sijafika nyumbani. Wala sisemi kisu kilileta nuksi kwa sababu nilikipitisha mkononi. Nuksi niliileta mimi. Nilitoa zawadi, kisha nikaisimamia kama polisi. Nilitaka kuiona ikitumika, kila siku, mbele yangu, ili nijione mimi ndani yake. Mtu akitoa hivyo hajatoa. Ameazima, na anakuja kuangalia mali yake.

Na jambo la pili ni zito zaidi kuliandika, sijawahi kumwambia mtu. Nilimkasirikia baba yangu. Hadi leo, nikiwa nashona peke yangu, hasira inakuja. Naye alikosa! Angeniambia, "Mwaju, haifai, ni nene," ningelia siku mbili, ningenuna wiki, kisha ningekwenda kununua cha hivihivi, na angekufa na mgongo wake mzima. Alidhani ananificha maumivu, kumbe alinifanya nimuumize mwenyewe, kwa mkono wangu, miaka miwili, huku nikicheka na wageni. Huo ulikuwa upendo, najua. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyasikia maradhi ya baba yangu kwenye matanga yake. Nisingemtakia mtu.

Sisi watu wa nyumba hii tuna ugonjwa huo. Ugonjwa wa "iko sawa." Babu yako alikuwa nao, mimi ninao, nawe umeurithi bila hata ndugu wa kugawana naye. Ulipoacha masomo ya ualimu ukaingia gereji, ulikaa na siri hiyo miezi mitatu kwa sababu uliogopa uso wangu. Kila asubuhi unatoka na daftari, jioni unarudi na mafuta meusi kwenye kucha, unasema masomo iko sawa. Na niliponusa dizeli nikanuna mwezi mzima, badala ya kujiuliza ni mama gani huyu ambaye mtoto anaona heri amfiche kuliko amwambie. Nilipaswa kujiuliza. Najiuliza sasa, na nimechelewa kidogo, lakini bado hujapanda gari.

Huko unakokwenda utapewa vitu vingi na watu wanaokupenda. Ushauri, chakula, labda shati la msichana fulani lenye rangi ya kuchekesha. Usinikunjie uso, najua unakokwenda kuna wasichana. Vingine havitakufaa. Sikupi sheria. Nakwambia tu kwamba nilimpoteza baba yangu akiwa hai, ndani ya nyumba moja, kwa sababu mimi nilikuwa mtu ambaye haambiki, na yeye alikuwa mtu ambaye hasemi. Wawili hao wakikutana, hata mapenzi yawe mengi namna gani, mmoja atabeba gunia.

Basi nifanye mimi kwanza, kabla sijakudai wewe.

Leo nimekiokota kisu chako. Saa nane hivi. Nimekichukua kwenye stuli kwa mkono wangu wa kulia, nikasema bismillahi, na sasa ni changu. Na huu ndio ukweli wake, nakwambia kama ambavyo ningetaka kuambiwa: hakifunguki. Nimejaribu kwa kucha, kucha ikavunjika. Nimejaribu kwa meno, nikamkumbuka daktari wa meno, nikaacha. Mwisho nimekifungua kwa ncha ya mkasi. Mpini umevimba kwa mvua hizi, kwa sababu nilikiacha wiki nne karibu na dirisha linalovuja, na chuma kimeanza madoa ya kutu. Kwa hiyo nusu ya kosa ni yangu. Lakini nusu nyingine ni kwamba vidole vyangu si vya kijana wa gereji. Hata kikiwa kikavu, kile kiungo ni kigumu kwangu. Ukirudi, kabla ya kula, kilegeze. Kisugue kidogo pale kwenye kiungo, kitie mafuta, unajua zaidi yangu. Unaona? Nimesema, na mbingu haijaanguka.

Na baada ya kukifungua, nilichukua gunia la juu kabisa. Nikatafuta upande. Nikapenyeza ile ncha chini ya fundo, moja tu, nikavuta. Issa, uzi wote ukaachia. Wote, hadi mwisho, kwa pumzi moja, na gunia halina hata mkwaruzo. Nimekaa pale nimeshika uzi mrefu nikilia kama mtoto, mwanamke wa umri huu, mlango umefungwa na mteja anabisha. Ulinichagulia vizuri. Hakuna mtu aliyewahi kunichagulia kitu vizuri namna hiyo, na kilikuwa cha bei ndogo, na sitaki kingine.

Sasa nikwambie kwa nini nimekiokota leo na si jana, niliporudi kutoka sokoni na habari zako zote kifuani. Jana bado nilikuwa najiambia nitakuandikia, nitie barua ndani ya begi, uisome Kigoma. Ungeisoma ukiwa mbali, nami nisingeuona uso wako. Ni ujanja wa watu wa "iko sawa."

Lakini leo, ulipoondoka, niliona umesahau mfuko wa maharage ya shangazi yako. Nikatoka mbio kukufuata. (Maharage bado yako hapa. Usimwambie.) Nilipofika karibu na kona nikakuona kwa fundi cherehani, umeketi kwenye benchi lake. Ulikuwa unavua viatu. Vile viatu vyeusi nilivyokununulia kwa ajili ya safari, nilivyokuuliza mara tatu kama vinakutosha, ukaniambia mara tatu, "Mama, iko sawa." Ulivivua polepole, kama mtu anayebandua plasta, ukakaa ukiushika mguu. Kisigino kimechubuka, nimekiona kutoka kule nilikojificha. Kisha ukatoa kandambili kwenye mfuko, ukatia viatu humo, ukasema kitu na fundi, mkacheka, na jinsi fundi alivyosogea kukupa nafasi nilijua kwamba si mara ya kwanza. Wiki nzima unatoka nyumbani kwangu umevaa viatu vyangu, unavivulia konani, na ukirudi unavivaa tena ili nikuone navyo.

Nilirudi ndani na maharage yangu. Nikakaa. Nikasema, baba yangu huyu hapa, amerudi, na anakwenda Mwanza.

Kwa hiyo barua hii siitii kwenye begi. Nitaipeleka sasa hivi kwa fundi, nimwambie akupe ukifika, kabla hujainama. Kama unaisoma, basi umeketi pale kwenye benchi na kiatu kimoja kiko mkononi.

Kirudishe kwenye mfuko, mwanangu, uuache hapo. Fundi atapata mtu ambaye viatu hivyo vitamtosha. Wewe njoo nyumbani na kandambili zako, nikuone unavyotembea.

Mama yako,
Mwajuma